Hesabu za Sabuni

"Mwanangu anacheka hesabu," Mama Pini alisema kwa mara ya tatu, na safari hii alikitua kiganja juu ya meza ya Mkurugenzi ili meza nayo isikie.

"Mama, mtoto kucheka darasani ni jambo jema," Mkurugenzi alijibu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Ina maana video zetu zinamfurahisha."

"Kugawa kwa njia ndefu kunamfurahisha nani? Wewe kulikufurahisha?"

"Sasa malalamiko yako hasa ni nini?"

"Malalamiko yangu ni yule mwanamke mliyemweka kwenye kile kiduara pembeni ya video. Hafundishi. Ananawa. Somo la hesabu, ananawa mikono. Somo la sayansi, ananawa. Somo la ramani, ananawa. Mwanangu ameniuliza, mama, huyu dada anaishi wapi mpaka awe mchafu kiasi hiki?"

Karani aliyekuwa akipanga mafaili pembeni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mkurugenzi hakucheka.

"Mkalimani wetu ana cheti cha lugha ya alama. Wewe una cheti cha nini?"

"Cha darasa la saba."

"Na kazi?"

"Nashona."

"Basi. Wewe ni fundi cherehani, mama. Mimi sikufundishi kukata suruali. Na wewe video tuachie wataalamu." Akainuka, akamfungulia mlango mwenyewe, kwa adabu zote. "Siku nyingine ukiwa na shida pitia kwa mwalimu. Ofisi hii si ya kila mtu."

Mama Pini akatoka, akaufunga mlango taratibu. Wanaomjua wangetetemeka hapo hapo. Akibamiza mlango, ujue yamekwisha. Akiufunga taratibu, ndiyo kwanza yanaanza.

Jina la Mama Pini alipewa na mtaa kwa sababu ya pini. Tangu asubuhi anapofungua banda lake mpaka jioni, midomo yake imebana pini sita au saba, na kwa midomo hiyo hiyo anataja bei, anagombana na muuza uzi na kusalimu wapita njia bila kuangusha hata moja. Banda ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani mna cherehani mbili: moja ya kushonea, nyingine ya kung'oa vipuri vya kuitengenezea ile ya kwanza. Anashona sare za shule nne. Pindo lake halifumuki. Kinyongo chake pia.

Mwaka mmoja mwanamume fulani alisimama mlangoni pake, akamtazama binti yake akicheza na roli za uzi, akasema, "Huyu ndiye yule bubu?" Kisha akatoa suruali mpya apunguziwe kiuno. Mama Pini akaipunguza kiuno, tena kwa ufundi. Halafu akaiziba mifuko yote minne, mbele na nyuma, mshono mara mbili, uzi wa rangi ile ile. Bwana yule aligundua akiwa kituo cha basi, kondakta amenyoosha mkono na watu wanasubiri. Aliporudi kulalamika aliambiwa, "Mbona hukusema kama unataka mifuko? Labda ulisema, sikusikia."

Binti mwenyewe, kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na mbili. Homa ilimchukulia masikio akiwa na miwili. Nyumbani walimwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi chini ya jicho, na kwa lugha ya mikono jina lake lilikuwa kidole kimoja kugusa hapo hapo. Mama yake alijifunza lugha hiyo kwa miaka miwili, kila Alhamisi mchana, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Baba mtu alisema ataanza kujifunza wiki ijayo. Wiki hiyo bado haijafika.

Shule ya msingi ya pale ilikuwa na kitengo cha watoto viziwi, chumba kimoja nyuma ya ghala la madawati. Watoto kumi na mmoja wa madarasa manne, mwalimu mmoja. Ndiyo maana shirika la Mkurugenzi lilipopata ruzuku ya kutengeneza video za masomo, wazazi walishukuru sana. Masomo thelathini, yenye maneno yaliyoandikwa chini na mkalimani wa lugha ya alama kwenye kiduara pembeni. Mwalimu angewawekea wakubwa televisheni, yeye ageukie wadogo. Na ndivyo alivyofanya, mgongo kwa televisheni, miezi mitatu. Maneno ya chini yalikuwa sahihi, ila yalikimbia kabla mtoto hajafika katikati ya mstari. Mikono ndiyo waliyoitegemea. Na wakubwa walitulia, hawakusumbua. Walikuwa wanacheka kimya kimya.

Kidoti alikuwa na miezi minane tu kabla ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Akiufaulu, anakwenda sekondari yenye walimu wa viziwi. Akianguka, anabaki bandani anashika pasi. Mama Pini aliipenda kazi yake, lakini hakuzaa mtoto ili aje kushika pasi kwa sababu kuna mtu hakutaka kufanya kazi ya kwake.

Sasa, mtu huyo ni nani? Hapo ndipo Mama Pini alipokata kitambaa kabla ya kupima.

Mkalimani wa kwenye video alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na kila Jumamosi alikuja shuleni kuwafundisha wazazi wapya lugha ya alama kwa ujira mdogo. Jumamosi iliyofuata Mama Pini alimkuta katikati ya wazazi ishirini. Hakumwita pembeni. Alisimama mbele ya wote, akasema kwa mdomo na kwa mikono, kila mtu aelewe kwa njia yake:

"Huyu mnayemwona ni mwizi. Amepewa pesa awafundishe watoto wetu hesabu, yeye ananawa mikono. Muulizeni mtoto yeyote."

Watoto waliulizwa. Wote walisema kweli, dada ananawa. Wazazi wakachachamaa. Mwalimu, asiyependa kelele, akamwambia mkalimani apumzike mpaka mambo yatulie. Binti yule akakusanya karatasi zake, akaondoka, na Mama Pini akarudi nyumbani akala vizuri kuliko kawaida.

Siku ya tatu mkalimani alitokea bandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kujitetea, nina sare arobaini za kumaliza."

"Mama yangu ni kiziwi," binti alisema, amesimama. "Baba yangu ni kiziwi. Nimeanza kusema kwa mikono kabla ya mdomo. Wewe umeniita mwizi mbele ya watu, tena hata hiyo alama ya mwizi umeikosea."

"Kwa hiyo hunawi?"

"Nanawa. Nilirekodi somo moja tu, la usafi, dakika nne. Wakaniambia tutakuita kwa mengine ishirini na tisa. Mpaka leo naisubiri simu." Akatoa simu yake, akafungua video ya kugawa kwa njia ndefu, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Itazame pua yangu."

"Pua ina nini?"

"Itazame tu."

Mama Pini akaitazama. Kwenye kile kiduara, binti alipaka sabuni, akasugua vidole, akajikuna pua haraka, akasuuza. Dakika nne baadaye akapaka sabuni, akasugua, akajikuna pua. Tena. Na tena. Somo la dakika ishirini na nane, pua moja ilikunwa mara saba, kwa kidole kile kile na kwa aibu ile ile.

"Niliwaomba turudie kwa sababu ya hiyo pua," binti alisema. "Wakasema haitaonekana. Kumbe wameikata hiyo dakika nne, wameibandika kwenye masomo yote. Kwa asiyejua lugha yetu, mikono ni mikono. Nimeambiwa na karani wao, ripoti imeandikwa wakalimani wamelipwa masomo thelathini."

Mama Pini akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, na kuzichomeka kwenye kimto cha pini. Jambo hilo hulifanya msibani tu.

"Nimekukosea, dada."

"Umenikosea. Na msamaha wa hapa siutaki. Hapa tupo wewe, mimi na cherehani. Ulinivua nguo mbele ya wazazi ishirini, utanivika mbele ya hao hao."

"Hilo ni deni langu. Nitalilipa."

"Lini?"

"Nikishamaliza na mtu mmoja."

Mkalimani alishauri waandike barua. Barua ingetosha, Mama Pini alilijua hilo vizuri. Wafadhili walikuwa na anwani, mwalimu alikuwa na mwandiko mzuri. Lakini barua husomwa mahali usipokuwepo. Yeye alitaka kuuona uso. Alitaka kuuona ule uso uliomwambia ofisi hii si ya kila mtu, auone unavyobadilika rangi, awe karibu kiasi cha kuhesabu jasho. Kila alipokanyaga cherehani aliyasikia yale maneno, fundi cherehani, fundi cherehani, na mguu ukazidi kasi mpaka akavunja sindano mbili kwa siku moja.

Nafasi ilikuja yenyewe. Wafadhili walikuwa wanakuja kuona video zinavyofanya kazi kabla ya kutoa pesa za awamu ya pili. Mkurugenzi alituma ujumbe shuleni: watoto wawe wasafi.

"Wawe wasafi," Mama Pini alirudia, mwalimu alipomsomea. "Mwalimu, hilo tunaliweza."

Alipoeleza mpango wake, mwalimu alikaa chini. "Mama Pini, mimi ni mwajiriwa."

"Sikuombi useme uongo. Wala usiwafundishe kitu chochote. Waambie wafanye anachoelekeza dada wa kwenye video, basi. Si ndiyo kazi ya video?"

"Na wafadhili wakikasirika wakaondoa pesa zote? Watoto watabaki na nini?"

"Watabaki na walichonacho sasa. Sabuni."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema hapana. Kesho yake akasema sawa.

Siku ya wageni, Mama Pini aliwahi kufika. Alipanga mabeseni manne ukutani, ndoo mbili za maji, miche minne ya sabuni, na taulo kumi na moja alizozikata mwenyewe na kuzipinda pembe. Mkurugenzi alipoingia na wageni watatu aliyaona mabeseni, akafurahi.

"Usafi kwanza," aliwaambia wageni. "Ni utaratibu tuliouleta sisi." Kisha akamwona Mama Pini amekaa nyuma na mkalimani, na tabasamu lake likateleza kidogo. Lakini wageni walishakaa.

Kiongozi wa wafadhili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, daftari mapajani. Mwalimu akasimama mbele ya watoto, akasema kwa mikono.

"Umewaambia nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nimewaambia leo wamfuate mkalimani kwa vitendo."

"Vizuri sana. Anza na hesabu."

Televisheni ikawaka. Kwenye kioo, mwalimu wa kiume aliandika mia tisa thelathini na sita igawanywe kwa kumi na mbili. Kwenye kiduara, mikono ikaanza. Watoto kumi na mmoja wakainuka kwa mpigo mmoja, wakakunja mikono ya sare, wakaenda kwenye mabeseni. Wakalowesha. Wakapaka sabuni. Wakasugua katikati ya vidole. Wote kumi na mmoja wakajikuna pua. Wakasuuza, wakajifuta, wakakaa.

"Wana nidhamu," alisema mgeni mmoja.

"Sana," Mkurugenzi akasema.

Baada ya dakika nne watoto wakainuka tena. Maji, sabuni, vidole, pua. Mama mwenye miwani akaivaa.

Walipoinuka mara ya tatu, alama za kugawa zikiendelea kumwagika kwenye kioo, mama yule akaweka kalamu chini. "Somo hili ni la nini?"

"Ni... wamechangamka tu," Mkurugenzi alisema. "Mwalimu, hebu weka lingine. Weka lile la mwezi na jua. Lile ni zuri."

Alilichagua mwenyewe. Mama Pini angeweza kumbusu.

Mwezi ukatokea, ukaanza kuizunguka dunia. Watoto wakainuka, wakaenda kunawa. Mmoja wa wadogo, vidole vimeshaanza kukunjamana kama vya dobi, aligeuka akamtazama mwalimu kwa huruma, kama anayeuliza hii itaisha lini.

Hapo Mama Pini akasimama. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao hakuna mteja aliyewahi kuusikia.

"Bwana Mkurugenzi, samahani. Mimi ni fundi cherehani tu, sijasoma. Naomba mtaalamu anieleweshe. Huu mwezi, unazunguka kwa sabuni ya unga au ya mche?"

Jasho la Mkurugenzi lilianzia juu ya sikio la kushoto, likashuka shavuni mpaka kwenye kola. Mama Pini alilifuata kwa macho safari nzima, bila haraka, mpaka lilipozama kitambaani.

Mama mwenye miwani akamgeukia mkalimani. "Wewe ndiye uliye kwenye video?"

"Ndiyo, mama. Dakika nne tu. Zilizobaki sikuitwa."

"Nisaidie kuuliza watoto." Akamnyooshea kidole Kidoti. "Mwulize, miezi hii mitatu amejifunza nini?"

Kidoti akajibu kwa mikono iliyokuwa bado na unyevu, na mkalimani akatafsiri neno kwa neno: "Mikono yangu ni safi kuliko ya mtu yeyote humu ndani. Kugawa sijui."

Mama mwenye miwani akafunga daftari. "Bwana Mkurugenzi, twende ofisini kwako. Utuoneshe hati za malipo." Na wakati wanatoka, Mkurugenzi alipita karibu na Mama Pini bila kumtazama. Yeye akamfungulia mlango, kwa adabu zote.

Wiki hiyo Mama Pini alishona akiimba. Wiki ya pili ikaja barua kwamba pesa zote zimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na wimbo ukakatika. Mwezi ukapita, wa pili nao ukapita. Televisheni ilichukuliwa, ni mali ya mradi. Wazazi waliomshangilia walianza kupita mbele ya banda wakiwa na shughuli nyingi upande wa pili wa barabara. Mmoja alimwambia wazi, "Umelipiza chako, shoga, sasa wetu wanasoma nini?"

Mama Pini alichokuwa nacho ni vifungo. Kila jioni kabla ya kufunga alimwaga kopo la vifungo juu ya meza ya kukatia, yeye na Kidoti wakavigawa mafungu. Vifungo tisini na sita kwa mashati manane. Mia na nane kwa mashati kumi na mawili. Njia ndefu yenyewe hakuwa anaikumbuka vizuri, alimwita mwalimu amfundishe upya, na wakati mwingine Kidoti alimtangulia kupata jibu, akamgongea meza kwa kidole, mama, umebakiza viwili.

Katika mwezi wa tatu uchunguzi uliisha. Mkurugenzi aliondolewa, akaambiwa arudishe malipo ya masomo ishirini na tisa. Alipita barabarani amebeba boksi la vitu vyake vya ofisini, na alipofika mbele ya banda akainua macho. Midomo ya Mama Pini ilikuwa na pini. Aliinua mikono yote miwili akaisugua taratibu, kidole kwa kidole, kiganja kwa kiganja, akaisuuza hewani, akarudi kwenye pindo lake. Anasema mpaka leo hajawahi kushona pindo tamu kama lile.

Pesa zilirudi kwa sharti: kila somo litazamwe kwanza na mtoto kiziwi, na lisipokelewe mpaka mtoto aeleze kwa mikono yake amefundishwa nini. Watazamaji wa kwanza walikuwa Kidoti na wenzake. Ilibaki miezi minne mtihani ufike. Masomo ya hesabu na sayansi yangewahi, ilimradi mkalimani aanze mara moja.

Jumamosi wazazi wakaitwa. Mwakilishi wa wafadhili akaweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Mkalimani akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akausukuma mbele bila kutia sahihi.

"Kuna tatizo?" mwakilishi aliuliza.

"Masharti ni mazuri. Ila kwenye chumba hiki hiki niliitwa mwizi, na neno hilo bado lipo humu. Siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu na jina hilo."

Wazazi wakatazamana, halafu wote wakamtazama mtu mmoja.

Mama Pini alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, kama zamani. Miezi yote ile alikuwa amepata nafasi nyingi za kulilipa deni hilo, na kila nafasi aliipisha: leo nina sare, leo sijisikii, watu wameshasahau. Kumwomba mtu msamaha hadharani ilikuwa kwake sawa na kujing'oa jino bila ganzi. Na mkalimani hakumkumbusha hata siku moja. Alikuwa na kinyongo cha daraja la juu, na Mama Pini, fundi wa mambo hayo, alikitambua na kukiheshimu. Akamtazama Kidoti mlangoni, aliyekuwa akisubiri kuona somo la kwanza.

Akainuka. Akasema kwa mdomo na kwa mikono, kila mtu aelewe kwa njia yake:

"Nilisimama hapa nikasema huyu ni mwizi. Si kweli. Yeye pia aliibiwa, kama watoto wetu. Sikuuliza, nilikuwa na hasira, nikampiga aliye karibu. Na nilipojua ukweli nilikaa nao miezi minne. Dada, naomba unisamehe, mbele ya hawa."

Akabaki amesimama, mikono hewani, hajui aiweke wapi. Mkalimani alimwacha hivyo kwa muda, muda wa kutosha kuhesabu pini saba. Kisha akamwitikia kwa kichwa mara moja, akavuta mkataba, akatia sahihi.

"Kaa, mama," alisema. "Kidoti, njoo mbele. Tunaanza na kugawa."